Germani bila kupoozwa? Hapana, chukua CZT
Unataka kupima mionzi ya gama bila kupooza kifaa? Germani haifanyi kazi kwenye joto la chumba. Pengo lake la nishati (nishati inayohitajika kuachilia elektroni ipitishe umeme) ni eV 0.67 tu, kwa hiyo joto la kawaida linaamsha elektroni kibao na mkondo unaovuja unafunika ishara yote. Ndiyo maana hupoozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, nyuzi -196. CZT (kadimi, zinki na teluri) ina karibu eV 1.6, unaiweka mezani inapima. Silikoni nayo huvumilia joto, ila atomu zake ni nyepesi mno, gama kali zinaipita tu.

Ila usinunue kwa namba ya tangazo. Weka sizi-137 (chanzo cha mionzi ya gama) mbele yake uangalie kilele cha keV 662 kwenye grafu ya nishati. Kwenye CZT yenye elektrodi bapa za kawaida, upande wa kulia kinashuka wima, wa kushoto kinaburuta mkia. Huo mkia unatokana na "mashimo" (nafasi zilizoachwa na elektroni, zinazobeba chaji chanya) yaliyonaswa ndani ya fuwele kabla ya kufika kwenye elektrodi. Elektrodi za gridi pacha (alizobuni Paul Luke, Berkeley, 1994) au za pikseli hutegemea elektroni peke yake, na mkia unapungua sana.

Upana wa kilele hapo (ukiwa mdogo ndiyo bora): NaI (fuwele ya iodidi ya sodiamu) karibu 7%, CZT nzuri 1 hadi 2%, germani kama 0.2%.

Angalizo: fuwele za CZT ni ndogo. Kwa sampuli hafifu ya udongo utahesabu mpaka uchoke; hapo germani na mtungi wake wa nitrojeni bado haina mpinzani.