Paka asiyeshikika na viroboto wake: majibu ya maswali yenu

Masika yakishika Dar, viroboto huzaana kwa kasi, kwa sababu wanapenda joto lenye unyevu. Safari hii wengi mmeuliza kuhusu paka wa namna moja: yule anayekula kwako kila siku lakini hataki mkono wa mtu. Nimechagua maswali saba.

Daktari, shikamoo. Kuna paka jike anakuja jioni nikiparua samaki. Ananisugulia miguu, nikimgusa mgongo anakimbia. Amenyonyoka manyoya karibu na mkia na anajikuna mno. Nitamtibu vipi? (Mama, Tabata)

Marahaba mama. Paka anayekusugulia miguu ameshakukubali wewe, bado hajaukubali mkono wako. Kunyonyoka kuanzia kiunoni hadi shina la mkia, pamoja na vigaga vidogo kama mchanga chini ya manyoya, mara nyingi ni viroboto. Kinachomwasha ni mate ya kiroboto. Paka mwenye mzio nayo anaweza kuumwa na wachache tu na akajikuna siku nyingi.

Dawa inayomfaa ni matone ya shingoni yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka, yenye fipronili au selamektini. Usianze nayo leo. Wiki nzima mlishe saa ileile, kwenye sahani ileile. Akiwa ameinamia dagaa zake, mguse kisogo kwa kidole kimoja, kisha ondoa mkono kabla hajageuka. Kesho rudia. Siku ya dawa, fungua kichupa ukiwa mbali naye, maana ule mlio wa plastiki kukatika humtimua, na kifumbate kiganjani kwanza ili dawa isimguse ikiwa ya baridi. Tenganisha manyoya chini ya kisogo, mahali ulimi wake haufiki, na dawa iguse ngozi, isiishie kwenye manyoya. Akikimbia kabla hujamaliza, usimwongeze siku hiyohiyo. Kama shingo haigusiki kabisa, mwombe daktari wa mifugo kidonge cha nitenpiramu ukifiche ndani ya kipande cha samaki. Kinaanza kuua viroboto ndani ya nusu saa, ila nguvu yake huisha kwa siku moja.

Sasa, mama, hapa ndipo wengi tunapokwama. Viroboto unaowaona juu ya paka ni sehemu ndogo tu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku, na mayai hayo hayanati, yanadondoka pale paka anapolala. Kwa hiyo mpe kitanda. Tafuta boksi, tandika kanga kuukuu, liweke mahali pakavu anapopapenda. Mayai mengi yatadondokea humo badala ya kusambaa nyumba nzima. Kila wiki fua kanga hiyo kwa maji ya moto na uianike juani. Funza wa kiroboto hawastahimili jua wala ukavu. Fagia chini ya makochi na kwenye nyufa za sakafu, taka zitupe nje mara moja.

Mwezi wa kwanza bado utawaona wakirukaruka. Si kwamba dawa ni feki. Kiroboto aliye ndani ya kifukofuko chake hafikiwi na dawa, anaweza kungoja miezi kadhaa hadi asikie joto na mtikisiko wa kiumbe kinachopita. Rudia matone kila mwezi, kwa uchache miezi mitatu.

Fundi wa mifugo jirani ana dawa ya kuogeshea mbwa na ng'ombe. Nikiizimua sana nimpulizie paka shume wetu, kuna ubaya? (Kaka, Mbagala)

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Dawa nyingi za kuogesha mifugo zina amitrazi, sumu za jamii ya saipamethrini, au sumu kali zaidi. Hata matone ya mbwa mara nyingi yana permethrini. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja permethrini kama ini la mbwa linavyoweza, na kuizimua hakukupi usalama, kwa sababu paka hujilamba mwili mzima na kumeza kilichobaki kwenye manyoya.

Niliwahi kuletewa paka aliyepakwa matone ya mbwa asubuhi. Kufika mchana alikuwa anatetemeka masikio na miguu, mate yanamchuruzika, kisha degedege. Mwenye paka alimpenda kweli. Alikuwa amefuata ushauri wa dukani. Paka yule hatukumwokoa, na ndiyo maana kila mwaka nalirudia jambo hili hapa.

Ikishatokea, mzungushie taulo, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, na umwahishe kwa daktari saa hiyohiyo. Usimpe maziwa wala usijaribu kumtapisha. Nenda na chupa ya dawa ili daktari asome lebo.

Nitajuaje kama ni viroboto au upele? Wa kwangu ana magamba masikioni. (Dada, Kigamboni)

Tazama ugonjwa umeanzia wapi. Viroboto huanzia kiunoni na mkiani. Upele wa paka huanzia kwenye kingo za masikio, ukashuka usoni na shingoni, ngozi ikawa nene na ya kijivu kama imemwagiwa saruji. Mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka huenda ni fangasi, aina ya mashilingi, na hao huwaambukiza watoto.

Kwa viroboto kuna kipimo cha nyumbani. Kusanya vumbi jeusi kutoka mahali anapolala, liweke kwenye karatasi nyeupe iliyolowa. Likitoa rangi ya kahawia iliyo nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka iliyokwisha kumeng'enywa.

Kwa maelezo yako, dada, nahisi upele. Unatibika, lakini kipimo cha dawa kiwekwe na daktari baada ya kukadiria uzito. Mtege paka kwenye kreti yenye mlango, iliyowekewa chakula siku kadhaa kabla, uifunike kwa kitenge ili atulie njiani.

Paka wetu analala karibu na banda la kuku. Ana vidoa vyeusi vimeganda masikioni na kuzunguka macho, havitoki. (Mzee, Chanika)

Shikamoo mzee. Hao ni viroboto wa kuku. Hawarukiruki kama wengine. Jike hujichomeka kichwa kwenye ngozi akang'ang'ania hapohapo. Matone ya paka huwaua wengi wao, na walio karibu na macho aachiwe daktari. Lakini banda lisiposafishwa watarudi: ondoa matandazo yote, yachome, weka mapya makavu, na uwatibu kuku wenyewe. Unga wa dawa ya viroboto vya kuku usimpake paka hata kidogo.

Kitunguu saumu kwenye chakula kinafukuza viroboto? (Msomaji, Magomeni)

Hapana. Kitunguu saumu na kitunguu maji huharibu chembe nyekundu za damu za paka. Viroboto watabaki, paka ataishiwa damu.

Ngozi imechubuka hadi nyama inaonekana. Nipake dawa gani ya binadamu? Ana maumivu, nimpe Panadol? (Dada, Kinondoni)

Panadol usimpe, hata robo. Parasetamoli inaua paka. Usimwoshe pia kwa zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, wala usimpake mafuta yoyote, kwa kuwa yote yataishia tumboni. Ukiwaondoa viroboto, ngozi yenyewe hufunga na manyoya huota ndani ya wiki chache. Kidonda kinachotoa usaha au kunuka kinahitaji antibayotiki ya daktari. Na ukiona vitu kama punje za mchele chini ya mkia wake, ni minyoo tegu, ambayo paka huipata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Aongezewe dawa ya minyoo.

Nilijaribu kumshika nimpake dawa, akaning'ata mkono. Kidonda ni kidogo tu. (Kaka, Ubungo)

Jino la paka ni jembamba kama sindano: tundu dogo juu, uchafu umeingia ndani kabisa. Zaidi ya hapo, paka wa mtaani hana cheti cha chanjo, na kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Kama hukuosha, osha sasa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo hii ueleze kwamba umeng'atwa na paka asiye na mwenyewe, ili waamue kuhusu chanjo ya kichaa na ya pepopunda. Usingoje uvimbe. Paka usimfukuze, endelea kumwekea chakula na umwangalie kwa siku 10. Akibadilika tabia, akashindwa kumeza, akatoweka au akafa, rudi hospitali uwaambie, na umjulishe afisa mifugo wa kata yako.