Maswali yenu: umeme wa nyuklia unaobaki usiku

Wiki iliyopita niligusia kinu cha nyuklia cha Nine Mile Point, jimbo la New York, Marekani, kilichoanza mwaka 2023 kutengeneza haidrojeni kwa umeme wake. Nikataja pia seli ya kugeuka, kifaa kinachoweza kuugeuza umeme unaobaki usiku kuwa haidrojeni, kisha kuirudisha haidrojeni hiyo kuwa umeme. Maswali yakamiminika.

Umeme ukizidi, si wapunguze tu kinu?

Wanaweza, Ufaransa hufanya hivyo. Ila gharama kubwa ya nyuklia ni ujenzi, na riba ya mkopo haipungui kwa sababu watu wamezima taa. Urani inayookolewa ni kiasi kidogo tu.

Hiyo seli ya kugeuka inafanyaje kazi?

Ilishe umeme na mvuke, inapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Igeuze, uilishe haidrojeni na hewa, inakurudishia umeme. Inayofaana na nyuklia ni ya kauri, inayofanya kazi kwenye nyuzi 700 hadi 850 za Selsiasi: vibamba vyembamba vilivyopangwa kama chapati kwenye sahani. Mvuke wa kinu una nyuzi 280 hivi, haufiki huko. Lakini katika kupasha, kinachokula nishati nyingi zaidi ni kuyageuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo kinu kimeshaifanya. Sehemu kubwa ya joto linalokosekana huokotwa kwenye gesi za moto zinazotoka kwenye seli. Ndiyo maana seli ya kauri hutumia uniti 40 hivi kwa kilo ya haidrojeni, wakati mitambo ya kawaida, inayopasua maji yasiyogeuzwa mvuke, hula 50 na ushee.

Nikiweka uniti 100 za umeme kwenye haidrojeni, narudishiwa ngapi?

Hapo ndipo penye uchungu. Kwa mitambo ya kawaida, 30 hadi 40. Seli ya kauri ikitunziwa joto lake vizuri, 50 na kidogo. Betri ya lithiamu hurudisha 85 au zaidi. Kwa umeme wa usiku utakaotumika kesho jioni, nunua betri. Haidrojeni ni ya akiba ya miezi. Kule Teesside, Uingereza, imekuwa ikiwekwa kwenye mapango ya chumvi tangu miaka ya 1970. Mimi ningekuwa mwenye kinu, nyingi ningeiuza kiwanda cha mbolea, wala nisingeirudisha kuwa umeme.

Haidrojeni jirani na nyuklia, si hatari?

Inahitaji uangalifu, lakini si mgeni pale. Jenereta nyingi kubwa hupozwa kwa haidrojeni, na Nine Mile Point wanaitumia kwa kazi hiyo hiyo.

Seli zenyewe zinadumu?

Huo ndio udhaifu wake. Kauri ikipashwa na kupoa mara kwa mara hupata nyufa, kwa hiyo huachwa na moto wake hata siku isiyo na kazi.