Maswali ya Galactica: mnataka mwisho, mwanzo hamjauangalia

Wiki mbili zilizopita niliigusia Battlestar Galactica, tamthilia ya manowari inayokimbia angani na mabaki ya binadamu baada ya Cylon, mashine walizoziunda kwa mikono yao, kuwateketezea sayari kumi na mbili. Simu yangu haijapoa tangu siku ile. Nimechagua machache. Ubuyu umemwagwa humu, asiyetaka kujua mwisho aishie hapa.

Kaka, nianze na ile ya 1978 au hii mpya?

Hii mpya. Na uanze na ile filamu ndefu ya utangulizi ya 2003, sio msimu wa kwanza. Nimeshaandika hivi mara ngapi jamani? Ya 1978 utaiangalia baadaye, kama mtu anavyotazama picha ya babu yake akiwa na suruali ya bugaluu.

Assalaam aleikum ndugu mwandishi. Wanangu wameikazania hii tamthilia. Nilikaa nao mara mbili nikaona binadamu wanaabudu miungu mingi, maroboti ndiyo yanamwamini Mungu mmoja. Si upotoshaji huu? (Mama, Tanga)

Waaleikum salaam mama. Umefanya jambo ambalo wazazi wengi hawalifanyi, umekaa nao. Ila umenyanyuka mapema.

Dini haikuingizwa humo kwa bahati mbaya. Glen Larson, aliyebuni ile ya 1978, alikuwa Mmormoni, na alichota kisimani kwake. Kobol, sayari ambayo ndiyo asili ya binadamu wote, ni Kolob ya maandiko ya Wamormoni iliyopanguliwa herufi. Baraza la Kumi na Wawili nalo limetoka hukohuko. Ronald D. Moore alipoifufua akaigeuza kete: wanaomlilia Zeus na Athena ni watu tunaowajua, wanalewa, wanagombana, wanazika. Anayehubiri upendo wa Mungu mmoja ndiye aliyeua mabilioni. Mwumini yeyote akiangalia hapo lazima ajikune kichwa, na kujikuna kichwa hakujamtoa mtu kwenye dini yake.

Kama ni hofu, mama, hofia vitanda na mateso ya mahabusu. Mtoto wa darasa la sita hana kazi pale. Hilo hukuniuliza, lakini nakwambia.

Ule wimbo wa mwanzoni ni wa Kihindi?

Ni Kisanskriti: Gayatri Mantra, sala ya kale kutoka Rig Veda. Jirani yangu aliyekulia Kisutu aliisikia ikipenya ukutani akagonga mlango kuniuliza nimebadili dini lini.

Shikamoo. Kwa uigizaji, nani kiboko ya wote?

Marahaba. Najua unataka niseme Edward James Olmos, na simbishii mtu. Kwenye ile filamu ya 2003, baada ya kuzika, Adama, kamanda wa manowari anayeigizwa na Olmos, anatamka “ndivyo tusemavyo sote”, watu wanaitikia kinyonge. Analirudia. Analirudia tena kwa ukali mpaka banda zima linanguruma. Kule kurudiarudia Olmos alikubuni papo hapo, waigizaji wenzake wakabaki hawana njia ila kumfuata.

Lakini mimi kura yangu ni ya Mary McDonnell. Laura Roslin ni mwalimu aliyepanda akawa waziri wa elimu, wa 43 kwenye mstari wa kurithi urais. Asubuhi anaambiwa ana saratani ya titi, siku hiyohiyo arobaini na wawili walio mbele yake wanakuwa hawapo tena. Baadaye anaanza kuona maono na kujiona ndiye kiongozi wa unabii, yule atakayewafikisha watu wake na mwenyewe asiishi huko. Mwigizaji mwingine angetoa macho na kutetemesha sauti kama nabii wa kukodi. McDonnell anazungumza taratibu, kama mwalimu anayeita majina, na ndiyo maana unamwamini.

Tazameni sehemu inayoitwa “33”. Cylon wanatokea kila baada ya dakika 33, watu hawajalala siku tano. Roslin ana ubao ulioandikwa idadi ya binadamu waliobaki, na kila akiugusa ni kupunguza. Mwishoni anaambiwa kuna mtoto amezaliwa kwenye meli mojawapo. Anakwenda kwenye ubao, anafuta, anaandika upya. Mmoja ameongezeka. Hotuba hakuna, ni mkono na kalamu na tabasamu la mtu aliyechoka.

Na msimsahau Michael Hogan, Kanali Tigh, akimnywesha sumu mkewe aliyewauza wenzao kwa Cylon ili amwokoe yeye. Tigh ameshang'olewa jicho wakati ule. Hogan anafanya kila kitu kwa jicho lililobaki.

Sasa ninyi mnaoangalia vipande vya dakika mbili kwenye simu, au mnaongeza mwendo ili mmalize haraka, mnachokiruka ndicho hicho. Halafu mnaniandikia kwamba tamthilia “ina maneno mengi”.

Starbuck, yule rubani, alikuwa malaika, mzimu au jini?

Alikufa, akarudi, akatoweka. Tamthilia imenyamaza, nami nanyamaza. Hili swali lisirudi.

Misimu minne ya vita vya angani halafu jibu la kila kitu ni “Mungu”? Waandishi waliishiwa. (Msomaji, Morogoro)

Barua kama yako ziko nyingi, na zote zimeandikwa na watu ambao hawakusikiliza. Tangu msimu wa pili yule mwanamke anayeonekana na mwanasayansi Baltar peke yake anamwambia waziwazi: mimi ni malaika wa Mungu. Mkacheka, mkasema ni kichaa cha Baltar. Alivyosema kweli mnadai mmetapeliwa.

Mfuateni James Callis, anayemwigiza Baltar. Gaius Baltar ni mwanasayansi asiyeamini chochote zaidi ya kioo chake, ndiye aliyempa adui mlango wa kuingilia, na baadaye anageuka mhubiri mwenye wafuasi. Muda mrefu hujui kama anaamini au anatafuta chakula, na nadhani hata yeye hajui. Wahubiri wa namna hiyo tunao mitaani kwetu, tena wana vipaza sauti. Kumbe huyo bwana alizaliwa shambani, akaficha hata lafudhi yake kwa kumwonea aibu baba yake mkulima. Mwishoni, wamefika, hana cheo wala maabara, anatazama ardhi tupu na kusema, “Unajua, mimi nakijua kilimo.” Sauti inakatika, analia. Kama kuna toba ndani ya misimu minne, ni hiyo, na Mungu hakutajwa hata mara moja.

Ni kweli inaishia Tanzania?

Kwa maneno, ndiyo. Tunarushwa miaka 150,000 mbele, hadi New York ya leo, kuna jarida lenye habari ya mabaki ya mama wa binadamu wote wa sasa, aliyeishi mahali panapoitwa Tanzania leo. Ndiye Hera, mtoto wa binadamu na Cylon mwenye umbo la mtu. Ila nyasi mnazoziona si za Serengeti. Walipiga picha karibu na Kamloops, Kanada, wanyama wakaongezwa kwa kompyuta.

Na msije mkaenda kubishana vijiweni kwamba mifupa yake imepatikana. Huyo mama wanasayansi walimfikia kwa kufuata vinasaba vinavyorithiwa kwa upande wa mama, utafiti uliotangazwa 1987. Wala hakuwa mwanamke pekee duniani wakati wake, ni mstari wake tu uliofika kwetu.

Roslin lakini anafia juu ya nyasi hizohizo za kughushi, ndani ya ndege ndogo, akishangaa uhai ulivyo mwingi. Adama anavua pete yake anamvisha. Nasema wanyama ni wa kompyuta, na bado nililia.

Nitaipata wapi yote kwenye flashi moja? (Kahama)

Kuwa makini. Mimi niliwahi kujaziwa flashi na kijana mmoja dukani, nikajifungia siku nzima, nikafungua faili lililoandikwa “mwisho” nikiwa na leso mkononi. Nikamkuta Roslin yuko mahabusu, mzima, nywele zake zote kichwani. Ilikuwa mwanzo wa msimu wa pili. Niliporudi dukani kijana akaniambia, “Mzee, si ni walewale?”