Kabla ya kumkaribisha mtalii, andikeni mgao

Nimekaa na kamati nyingi za vijiji vinavyotaka kuanzisha utalii, na kikao cha kwanza karibu kila mara huanza na ombi lilelile: tutengenezeeni tovuti, tupigieni picha nzuri, tuleteeni wageni. Nami huuliza: mgeni wa kwanza akishalipa, hela inashikwa na nani, na nani mwingine atajua kwamba imeingia? Watu hutazamana. Wakati mwingine swali hilo hutumalizia siku nzima, na mimi huona siku hiyo imetumika vizuri kuliko zote zitakazofuata.

Ushauri wangu mkubwa ndio huo. Andikeni mgao wa mapato kabla hamjatafuta hata mgeni mmoja. Miradi niliyoiona ikifa ilikuwa na wageni wa kutosha, lakini majirani walikuwa wameacha kusalimiana kwa sababu nyumba mbili tatu zilineemeka na nyingine zilibaki kufagia njia bure. Mgeni hahitaji kuelezwa mambo hayo. Anayaona kwenye nyuso za watu, na harudi.

Namibia walilijua hili mapema. Sheria yao ya mwaka 1996 iliruhusu jamii za vijijini kusimamia wanyamapori na utalii katika ardhi zao, lakini iliweka masharti: lazima muwe na orodha ya wanachama, mipaka inayojulikana, kamati, katiba, na mpango wa kugawana faida kwa haki. Bila hayo hamsajiliwi. Hifadhi nne za kwanza za jamii zilisajiliwa mwaka 1998, na leo zimepita 80. Rwanda nayo iliamua mwaka 2005 kwamba asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa irudi kwa jamii zinazozizunguka, na mwaka 2017 ikapandisha hadi asilimia 10. Napenda mfano huo kwa sababu asilimia iliyoandikwa inaweza kudaiwa. Ahadi ya "tutawakumbuka" haidaiki.

Katiba peke yake haitoshi, maana inaweza kulala kabatini. Kijiji kimoja nilichofanya nacho kazi kilitundika ubao nje ya ofisi, wenye safu nne: tarehe, idadi ya wageni, kilichoingia, kilichotoka. Kila mwisho wa wiki mtunza hazina anaandika kwa chaki huku mjumbe mwingine akisoma risiti kwa sauti. Bibi mmoja asiyejua kusoma alikuwa akija na mjukuu wake, anamwonyesha kwa fimbo mstari anaoutaka, mtoto anamsomea. Siku moja aliuliza kwa nini safari ya kwenda kununua magodoro ilikuwa na nauli ya watu watatu. Alijibiwa palepale, mbele ya watu, na wiki iliyofuata akaenda mtu mmoja. Sijawahi kuona mafunzo ya uongozi yanayofikia ubao ule.

Zamu nazo ziandikwe. Katika kijiji cha Sirubari huko Nepal, kilichoanza kupokea wageni majumbani mwaka 1997, kamati ndiyo inayopanga nani alale kwa nani, kwa mzunguko. Mgeni hachagui nyumba yenye paa zuri zaidi na mwenye nyumba hamvizii mgeni barabarani. Wapo watakaosema zamu inaua ushindani. Wana hoja, na ndiyo maana nyumba iingie kwenye zamu baada tu ya kukaguliwa: kitanda, maji, choo, mlango unaofungwa kwa ndani. Isiyofaulu isaidiwe kurekebisha, kisha ikaguliwe tena.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze mgeni atakuja kufanya nini. Wenyeji mara nyingi hutaja maporomoko au mlima, na husahau kazi zao wenyewe. Mfinyanzi, mrina asali, mtu anayejua kila ndege kwa mlio wake: hao ndio mgeni atawasimulia akirudi kwao. Chukueni mtu asiyeijua njia yenu, mpeni saa na daftari, mtembee naye. Aandike wapi alichoka, wapi alitamani kukaa, wapi alihitaji choo na hakikuwepo. Waongozaji wajifunze huduma ya kwanza, kuhesabu watu kabla na baada ya kila kituo, na kutembea kwa mwendo wa anayekwenda polepole kuliko wote. Wajifunze pia kusema "sijui, nitauliza", kwa sababu mgeni akigundua jambo moja limetungwa, hataamini mengine.

Msikimbilie kujenga hoteli. Italia, baada ya tetemeko la Friuli la mwaka 1976, lilikuja wazo la kutumia nyumba zilizobaki tupu vijijini: vyumba vimetawanyika mtaani, lakini ofisi ya mapokezi ni moja. Kabla ya kukopa kwa ajili ya jengo, hesabuni vyumba visivyolala mtu.

Kutangaza kwenyewe ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kijiji kionekane kwenye ramani za Google, kwa jina sahihi na mahali sahihi. Iwepo namba moja ya simu, ya mradi na si ya mwenyekiti, na mtu wa zamu anayejibu siku hiyohiyo. Elezeni ukweli: safari huchukua saa ngapi, njia ina miinuko kiasi gani, mvua ikinyesha inakuwaje. Picha ya mtu yeyote itumike kwa ruhusa yake. Mkiongea na mawakala wa utalii, muwe tayari na bei yao na bei ya mgeni anayekuja mwenyewe, la sivyo bei watapanga wao.

Na shamba lisiachwe. Mwaka 2020 safari za kimataifa ulimwenguni zilishuka kwa zaidi ya asilimia 70, na waliokuwa wameuza mifugo wakanunua vitanda waliumia sana. Utalii uongeze kipato kilichopo.

Jambo la mwisho ni kikomo. Hallstatt, kijiji cha Austria chenye wakazi wasiofika 1,000, hupata hadi wageni 10,000 katika siku za msongamano, na mwaka 2023 kiliweka ukuta wa mbao kuziba mandhari inayopigwa picha sana, kisha ukaondolewa baada ya malalamiko. Mkifika huko, kila uamuzi unamuumiza mtu. Kamati ipange idadi ya juu ya wageni kwa siku sasa hivi, wakati wanakuja wachache na hakuna anayepoteza chochote kwa kukubali. Siku ikijaa, anayepiga simu apewe tarehe nyingine.