Tarantula kalala chali hajafa, USIMGEUZE

Mkuu weka hilo koleo chini. Sijamaliza hata kusoma maswali yako yote, nilipofika pale ulipoandika "kesho asubuhi namgeuza namuwekea na hita" nikaacha kila kitu nikaja kuandika. Kama hujamgusa mpaka sasa hivi usimguse, zima taa, mtoe mtoto humo chumbani, funga mlango, halafu ndo urudi hapa usome.

Kwa mlioingia sasa hivi, jamaa yuko Leicester, Uingereza, anafuga tarantula jike, buibui mkubwa mwenye manyoya, yule wa Mexico mwenye magoti mekundu. Mwezi mzima hajala, leo katoka kazini kamkuta kalala chali kwenye boksi. Rafiki yake kamwambia ni baridi hiyo inamuua, amgeuze, ampulizie maji ya uvuguvugu, abandike hita chini ya boksi. Kauliza na mengine, boksi liwe na ukubwa gani, nyenje wangapi kwa wiki, mtoto wake anaweza kumshika, na akienda likizo Taita anaweza kumletea mwenzake.

Hafi huyo. Anajivua gamba!

Tarantula akitaka kujivua gamba analala chali, mara chache utamkuta kaegemea ubavu. Anayekufa halali chali, na hili ndo watu hawalijui, ndo maana buibui wa watu wanauliwa na wenyewe wanaowapenda. Iko hivi, buibui anakunja miguu kwa misuli lakini kwenye maungio makubwa hana misuli ya kuinyoosha, anainyoosha kwa presha ya maji ya mwilini. Sasa akiishiwa maji au akiwa anakufa ile presha inashuka, miguu inajikunja yenyewe inaingia chini ya mwili, na yeye yuko kifudifudi vilevile. Kwahiyo ukimkuta kifudifudi na miguu imejikunja chini yake, hapo piga kelele tutakuja wote kukusaidia. Ukimkuta chali, miguu kaitanua, kalalia utando aliousuka mwenyewe, yuko kazini huyo, muache.

Na wewe mwenyewe umeandika kalalia utando. Umeandika hajala mwezi mzima. Umeandika ule upara wa nyuma ya tumbo umekuwa mweusi. Ule weusi ni vinyweleo vipya vimeshaota chini ya ngozi ya zamani vinasubiri kutoka, dalili ziko zote kwenye maelezo yako, sasa rafiki yako baridi kaiona wapi?

Nina uchungu na hili jambo kwa sababu nilikuwa na jike wa aina hiyohiyo. Nilimnunua akiwa mkubwa tayari, zaidi ya pauni mia moja, kwenye maonyesho ya wanyama watambaao, na aliyeniuzia ni mzee mmoja anaheshimika sana pale, meza yake ndo kubwa kuliko zote, anauza boksi, anauza udongo, anauza vipimo vya unyevu, anauza hita, na anaongea na wewe taratibu mpaka unajisikia umepata mzazi ugenini. Akaniandikia namba yake kwenye risiti, ukipata shida yoyote nipigie. Baridi ilipoanza jike akagoma kula, nikampigia, akasema ni baridi, nunua hita. Nikanunua, kwake hukohuko. Bado hali. Halafu nikatoka zamu ya usiku nikamkuta kalala chali, nikampigia tena, akasema tuma picha, nikatuma, na ile picha ilikuwa inaonekana vizuri kabisa, utando unaonekana, miguu imetanuka inaonekana, na mtu anayejiita mfugaji wa miaka yote hiyo akaiangalia akaniandikia anakufa huyo, mgeuze haraka, muweke kwenye kikopo na tishu zilizoloweshwa maji umfunike. Nikafanya kama alivyosema, hatua kwa hatua.

Kumbe alikuwa katikati. Ule mfuniko wa juu ya kichwa na kifua ulikuwa umeshafunguka kama kifuniko cha sufuria, ameshaanza kuchomoa miguu. Ujue pale anapochomoa miguu mwili mpya ni laini kabisa, hata zile chonge zenyewe, meno yake ya kung'atia, ni nyeupe hazina nguvu. Nilipomgeuza uzito wote wa tumbo ukalalia miguu iliyotoka nusu. Upande wa kulia miguu mitatu ikabaki ndani ya gamba imepinda, mmoja ukapasuka karibu na mwili, na damu ikaanza kutoka, damu yao sio nyekundu, ni kibuluu hafifu kwa sababu inabeba hewa kwa madini ya shaba badala ya chuma, inatoka tone, inatulia, inatoka tone, inazama kwenye tishu. Na yeye anavuta. Anapumzika, anavuta tena. Mpaka asubuhi gamba lilikuwa limekauka limemng'ang'ania, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Mchana akafa.

Jike wa aina hii anafika miaka 20 na kuendelea. Yule alikuwa mzima wa afya, hakuwa na ugonjwa wowote, alichohitaji ni mimi nikalale tu.

Nilipompigia yule mzee akaniambia "inatokea", halafu hapohapo akaniuliza kama nataka mwingine, ana majike wawili wamebaki. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua ukweli akapuuza ile picha au alikuwa hajui kabisa na bado anauzia watu wanyama, na vyote viwili mimi naona ni dhambi. Mtu anauza hita, unategemea akushauri nini, kwamba huhitaji hita? Halafu kuna hawa wengine wa kwenye video, kila tarantula akilala wanambeba wanamuweka kwenye hicho kikopo cha tishu wanakiita chumba cha wagonjwa mahututi, watu maelfu wanaangalia, kesho unamkuta kijana anayependa mnyama wake kwa moyo wote kama wewe kashika koleo. Rafiki yako najua ana nia njema. Hata mimi aliyeniambia alikuwa anatabasamu.

Kwahiyo kanuni ni moja na nitaisema mpaka mnichoke: AKILALA CHALI USIMGUSE. Usimgeuze, usimpulizie maji, usimpulizie hewa, usimvute mguu umsaidie, usisogeze boksi, usipige picha na flashi. Watu wanadhani anavua ngozi ya nje kama anavua shati. Huyu anavua mpaka ndani, utando wa ndani ya mdomo, wa kile kitumbo anachofyonzea chakula, mpaka wa mapafu, vyote vinatoka pamoja na gamba. Ukimtikisa wakati vitu hivyo vimetoka nusu unamkwamisha, na mguu unaweza kuota tena kwenye magamba yanayofuata lakini mdomo ukikwama hali tena, anakufa kwa njaa taratibu.

Inachukua muda gani? Wadogo wanaweza kumaliza chini ya saa moja, mkubwa kama wako anaweza kutumia sehemu kubwa ya siku ukihesabu tangu alipolala mpaka atakapogeuka, na kuna muda utamuona kama kakata kabisa, hatingishiki. Anapumzika. Usiogope, na usiende kumchungulia kila baada ya dakika tano na tochi.

Vitu viwili tu vinaruhusiwa, na hata hivyo kwa umakini. Kama humo kwenye boksi kuna nyenje hai mtoe, kwa koleo refu, bila kumfikia buibui, maana nyenje akikuta mwili laini anautafuna na buibui hawezi kujitetea. Na kibakuli cha maji kama kiko pembeni na unaweza kukijaza bila kutikisa chochote, kijaze. Basi. Toka.

Akishageuka mwenyewe utamuona rangi mpya, yale magoti yamekolea mpaka raha, utatamani umpe zawadi ya nyenje mnene. Usimpe. Angalia chonge zake akizionyesha, zinaanza nyeupe, zinakuwa nyekundu, mwisho nyeusi. Mpaka ziwe nyeusi tii ndo anaweza kung'ata, kwa mkubwa hesabu wiki moja mpaka mbili, ukichelewesha zaidi hadhuriki. Maji tu yasikosekane.

Hita, narudi kwenye hita maana ndo ilianzisha ujinga wote. Tarantula akisikia joto limezidi anachimba kwenda chini, porini chini ndo kuna ubaridi. Wewe umembandikia moto chini, anakimbia joto analifuata, udongo unakauka, na yeye anakauka. Kama nyumbani kwako wewe na mtoto mnakaa na fulana moja bila kutetemeka, na huyo anakaa. Kwenye nyuzi 20 na kitu anaishi vizuri, joto likipungua kidogo usiku hakuna tatizo, atapunguza kula basi. Huyu buibui kwao ni pwani ya Pasifiki ya Mexico, upande wa Jalisco na Colima, nako kuna miezi ya ukame anajifungia shimoni hali kitu. Kugoma kula kwao ni sehemu ya maisha, sio lazima awe mgonjwa.

Mtoto asimshike, naomba unisikie kama kaka yako. Akimdondosha kutoka usawa wa kiti tu tumbo linaweza kupasuka, hakuna kushona. Na hata asipomdondosha, akikasirika anakwangua tumbo kwa miguu ya nyuma, vinyweleo vinapaa, vikiingia kwenye jicho la mtoto mnaishia hospitali. Ule upara kwenye tumbo lake umetokana na nini unadhani? Amwangalie kwenye kioo, raha yake ni ileile.

Taita ndo nimecheka kidogo halafu nikaacha kucheka. Kwanza hakuna mwenzake, ukiweka wawili boksi moja utabaki na mmoja aliyeshiba. Pili wa kwetu Afrika Mashariki ni watu wengine kabisa, yule mkubwa wa kahawia wa Kenya na Tanzania anayeishi shimoni, na wale wa rangi ya machungwa wa Usambara kwetu kule Tanga, hawana vinyweleo vya kurusha, silaha yao ni kung'ata, wana kasi, na sumu yao inauma kuliko ya huyo mpole wako mara nyingi. Tatu, mwaka 2025 mahakama ya pale uwanja wa ndege wa Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au miezi 12 jela kwa sababu ya SISIMIZI, wadudu wadogo wale malkia, wamewaweka kwenye vichupa. Wawili kati yao vijana wa miaka 19 kutoka Ubelgiji. Wewe unataka kupita pale na buibui ukubwa wa kiganja kwenye begi la nguo, nenda kasalimie wazazi urudi.

Sasa kwa leo usiku. Akimaliza gamba litabaki pembeni, kama buibui mwingine mtupu. Usilitupe, ila usilichukue leo wala kesho, subiri awe na nguvu asogee mwenyewe. Uliuziwa kama jike, sawa, lakini wauzaji nimeshakueleza. Liloweshe kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo mpaka lilainike, likunjue polepole sehemu ya tumbo, utaona mabaka manne meupe, hayo ni ya mapafu. Piga picha upande wa ndani, katikati ya yale mawili ya juu, kwa karibu na mwanga uwe wa kutosha. Kama kuna kijifuko kimesimama pale ni jike, kama hakuna kitu ni dume. Iweke hiyo picha hapahapa kwenye uzi, mimi niko zamu mpaka asubuhi simu ninayo mkononi.