Tawi lenye VPN mbili: gawa mazungumzo, usigawe pakiti

Mafundi wenzangu wa mitandao huniuliza swali hili mara kwa mara. Tawi lipo mbali, lina faiba na lina laini ya 4G, na kila moja imefungiwa VPN yake (handaki la siri linalopita ndani ya intaneti) kwenda makao makuu. Faiba inajaa mpaka simu zinakwaruza, huku bando la 4G likiisha muda wake bila kuguswa. Tufanyeje zote mbili zibebe mzigo?

Nitajibu kwa mfano wa aina ya matawi ninayoyahudumia: ghala na ofisi huko Tunduru, makao makuu Dar es Salaam. Faiba ya megabiti 20 kutoka kampuni moja, 4G inayotoa kama megabiti 5 kutoka kampuni nyingine, ruta ya Linux kila upande, na mahandaki mawili ya WireGuard (programu ya VPN) kati yao. Ndani yake zinapita simu za mezani za IP, mfumo wa stoo, kamera za ulinzi na nakala za akiba za kila usiku.

Jambo la kwanza ni kuachana na ndoto ya kuunganisha 20 na 5 upate 25 kwa kila kitu. Ukituma pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data, kwa faiba na inayofuata kwa 4G, zitafika zimepishana, kwa sababu faiba inachukua milisekunde 25 na 4G inachukua 60, na jioni watu wakirudi nyumbani inapanda hata 200. TCP, kanuni inayohakikisha data imefika yote, upande wa pili ikipokea namba 5 kabla ya namba 4, inaomba 4 tena. Ikiiomba mara tatu, mtumaji anaamini pakiti imepotea, anaituma upya na kupunguza mwendo. Matokeo yake njia mbili kwa pamoja zinakwenda taratibu kuliko faiba peke yake. Na simu ndiyo usiseme: sauti inayofika imechelewa mno hutupwa.

Kwa hiyo gawa kwa mazungumzo. Kila muunganiko ukishachagua njia, ubaki humo mpaka uishe. Linux hufanya hivyo kwa IPv4 tangu toleo la 4.4 la kernel (kiini chake), na amri ni fupi:

ip route replace 10.10.0.0/16 nexthop dev wg0 weight 4 nexthop dev wg1 weight 1

Hapa 10.10.0.0/16 ni mtandao wa makao makuu, wg0 ni handaki la faiba na wg1 ni la 4G. Uzito wa 4 kwa 1 unatokana na kipimo halisi cha kila handaki. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye mkataba. Pima kwa iperf3 (programu ya kupima kasi) ndani ya VPN, tena saa ambayo mnara umelemewa, maana 4G ya saa kumi na moja alfajiri si ile ya saa mbili usiku.

Ila kwa kawaida Linux huchagua njia kwa kutazama anwani mbili tu, ya mtumaji na ya mpokeaji. Kama tawi lote linajificha nyuma ya anwani moja kwa NAT (ruta kubadili anwani za wote kuwa moja) na linakwenda kwenye seva moja, basi kwa hesabu hiyo ni mazungumzo mamoja, na yote yataangukia handaki moja. Ondoa NAT kati ya tawi na makao makuu, haina kazi pale. Kisha weka net.ipv4.fib_multipath_hash_policy=1 ili namba za bandari (port) nazo ziingie kwenye hesabu. Hiyo ipo tangu toleo la 4.12.

Sasa tuje kwenye kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Fundi amejenga mahandaki mawili, yote yanaonyesha uhai, lakini yote mawili yanapita kwenye faiba! Pakiti zilizofungwa za WireGuard ni UDP, yaani pakiti za kawaida za intaneti. Kama makao makuu wana anwani moja ya IP, ruta ya tawi itazipeleka zote kwenye njia yake kuu, yaani faiba, hata zile za wg1. Tiba ni kuipa kila wg alama yake ya FwMark, kisha kanuni ya ip rule inayosema alama hii itumie jedwali la njia la faiba na ile itumie jedwali la 4G. Kama makao makuu wana anwani mbili za umma, ni rahisi zaidi: elekeza kila anwani kwa njia yake na umemaliza. Hakikisha kwa macho yako. Fungua tcpdump (chombo cha kutazama pakiti zinazopita) kwenye kadi ya 4G, tazama kama UDP ya wg1 inapita hapo. Ukiona kimya, hilo handaki la pili ni la jina tu.

Na yawe wg0 na wg1 kweli, kadi mbili tofauti. Ukiweka wenzi (peer) wawili kwenye kadi moja ya WireGuard na kuwapa anwani zilezile kwenye AllowedIPs, orodha ya anwani za kila mwenzi, aliyeandikwa mwisho anazichukua zote.

Kitu kingine ambacho wengi hawakitazami: mgawanyo ulioweka Tunduru unahusu kinachotoka Tunduru tu. Ripoti, mafaili na masasisho yanayoshuka kuja tawini yanachaguliwa njia na ruta ya Dar es Salaam. Tawi la kawaida linapakua kuliko linavyotuma, kwa hiyo usipogusa ruta ya makao makuu umegawa sehemu ndogo ya mzigo. Weka uzito uleule pande zote mbili. Mahandaki yakiishia kwenye ruta moja, si tatizo mazungumzo kwenda kwa wg0 na kurudi kwa wg1. Lakini kama makao makuu wana fayawoli mbili, kila moja na handaki lake, jibu likirudi kupitia fayawoli isiyoona mwanzo wa mazungumzo litatupwa. Hapo ni lazima jibu lirudi lilikotokea.

Binafsi siachi kila kitu kwa bahati ya hesabu. Bando la 4G lina kikomo, na kamera moja inayotuma picha makao makuu inaweza kulimaliza kabla ya mwezi kufika nusu. Napendelea kupanga kwa kazi: kamera na nakala za usiku zibaki faiba, na kama faiba haipo zisubiri, mfumo wa stoo na barua pepe ziende 4G, maana ni nyepesi na hazijali milisekunde 60, simu zikae faiba zikiwa na kipaumbele kwenye foleni. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa uzito. Ukipanga hivi, weka rp_filter (kichujio cha Linux kinachokagua pakiti imeingilia wapi) iwe 2 badala ya 1 kwenye wg zote, la sivyo Linux inaweza kukataa pakiti iliyoingia kwa mlango ambao jedwali kuu halikuutarajia, na hutaona ujumbe wowote wa kukuambia.

Kisha uhai. WireGuard ikikatika haisemi. Kadi ya wg1 itaendelea kuonekana iko juu hata mnara ukiwa umezimika, na sehemu ya mazungumzo itaendelea kutumbukia humo na kufa. Mtumiaji atakwambia mfumo unafunguka mara nyingine unagoma, malalamiko magumu kuliko yote kuyafuatilia. Ndiyo maana lazima kitu kipige ping ndani ya kila handaki hadi anwani ya ndani ya makao makuu na kuondoa njia iliyokufa. Skripti fupi inatosha kwa matawi machache. Yakiwa mengi, tumia OSPF au BGP (lugha za ruta kupashana njia) pamoja na BFD (inayopima uhai wa njia), lakini usiibane 4G kwa kuipima kila milisekunde 300. Kuipima kila sekunde moja, na kuihesabu imekufa ikikosa kujibu mara tano, ni salama zaidi, vinginevyo njia itakuwa inaondoka na kurudi kutwa nzima. Njia iliyorudi ipe dakika kadhaa za utulivu kabla ya kuiamini. Weka PersistentKeepalive ya sekunde 25 upande wa tawi, kwa sababu 4G nyingi zimekaa nyuma ya NAT ya kampuni na hufungwa zikikaa kimya.

Uzuri wa VPN ni kwamba anwani za ndani hazibadiliki. Mazungumzo yaliyohamishwa kutoka wg0 kwenda wg1 yanaendelea, mtu hatoki kwenye mfumo. Isipokuwa MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, zimetofautiana. WireGuard kwa kawaida huweka 1420, na baadhi ya laini za 4G hazifiki hapo. Dalili ni ukurasa wa kuingilia kufunguka vizuri, halafu ripoti kubwa inaganda. Jaribu kwa ping -M do -s 1352, na ikipita, weka MTU 1380 kwenye mahandaki yote mawili na MSS (kikomo cha data ya TCP ndani ya pakiti) 1340. Yote mawili yafuate iliyo ndogo.

Niongeze hili kwa wanaosaini mikataba: kampuni mbili si lazima ziwe njia mbili. Mnara wa 4G wa mjini kwako unaweza kuwa unalishwa na mkongo uleule unaopita kando ya barabara ileile na faiba yako, na katapila moja likafyeka vyote. Uliza kwa maandishi mnara unapata mawasiliano kupitia wapi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani bila kujali unalipia kampuni ngapi. Handaki la Tunduru hadi Dar es Salaam halihitaji kwenda baharini, lakini kama seva yenu mmeiweka Ulaya, linahitaji. Angalia na umeme pia: modemu ya faiba na ruta ya 4G zikichomekwa soketi moja isiyo na UPS, umeme ukikatika mnapoteza njia zote kwa wakati mmoja.

Kabla ya kukabidhi tawi, jaribu mchana, wafanyakazi wakiwa kazini na wameshaarifiwa. Mtu mmoja awe kwenye simu na Dar es Salaam, mwingine awe ameanza kupakua ripoti. Chomoa faiba. Subiri, hesabu sekunde mpaka sauti irudi. Irudishe, kisha chomoa 4G. Halafu fanya lile ambalo wengi huliruka: acha nyaya zote mahali pake, uzuie UDP ya WireGuard tu kwenye njia moja, uone kama ruta inagundua yenyewe. Andika majibu kwenye karatasi na uibandike ndani ya kabati la vifaa, ili fundi atakayekuja baada yako aanzie hapo.