Mama anabadilishiwa goti mwezi ujao, mjiandae vipi?
Dada, mpe mama pole. Mazoezi aanze sasa, asisubiri upasuaji: akae kitandani mguu umenyooka, akaze msuli wa paja huku akibonyeza goti chini, ahesabu hadi 5, aachie. Kama ana jino bovu au kidonda, kitibiwe kwanza, maana vijidudu huweza kuhamia kwenye goti jipya. Daktari azijue dawa zake zote, hasa za sukari na za kuzuia damu kuganda.

Nyumbani, choo cha kuchuchumaa ndicho kikwazo kikubwa. Tafuteni kiti cha choo chenye mikono. Kuswali, atumie kiti.

Atasimamishwa siku hiyohiyo ya upasuaji au kesho yake, na ataumia kweli. Dawa ya maumivu aimeze kama nusu saa kabla ya mazoezi. Tafadhali msimwekee mto chini ya goti, hata akiwabembeleza! Likizoea kujikunja, kulinyoosha ni shughuli. Mto ukae chini ya kisigino.

Goti kuvimba miezi kadhaa ni kawaida. Ila shavu la mguu likivimba na kuuma, au akikosa pumzi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.